Meza ya Baba Watoto

Akina mama tukikutana baada ya ibada, mara nyingi mazungumzo huwa juu ya waume wanaochelewa kurudi nyumbani. Sisi hapa Mwamanyili tulikuwa na shida ya namna nyingine: mume anayerudi mapema, anakula, anashukuru, kisha anakwenda kwenye meza yake ya pembeni na hainuki hadi usiku wa manane. Yupo nyumbani, lakini hayupo. Mkononi ana bisibisi, macho yamezama ndani ya redio iliyofunguliwa, na mtoto akimwita mara tatu haitiki.

Mpenzi msomaji, kama nawe umeolewa na mtu wa aina hii, makala haya ni yako. Hatuyaandiki kwa kumsema baba wa nyumba yetu. Ameyasoma mwenyewe na kuturuhusu tuyatume. Tunayaandika kwa sababu meza ile karibu itunyang'anye mtoto, na leo meza hiyo hiyo ni sehemu ya baraka za nyumba yetu. Kati ya mambo hayo mawili kuna somo.

Mapenzi yaliyoanza na redio

Mwamanyili ni kata ya wilaya ya Busega, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, karibu na Ziwa Victoria. Zamani tulikuwa watu wa Magu, mkoa wa Mwanza; mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Simiyu, tukawa wa Simiyu, makao makuu yakiwa Bariadi. Watu wa hapa wanalima pamba, mpunga na mahindi, wanafuga na wanavua. Baba watoto naye ni mkulima. Ufundi hakuusomea chuo chochote.

Alianza akiwa mtoto miaka ya 1980. Wakati huo betri za redio zilikuwa adimu, na zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo za kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Yeye alitaka kujua watu wanaosema wamekaa wapi. Siku moja baba yake akiwa shambani aliifungua redio, akakamatwa, akachapwa. Tangu siku hiyo hajaacha kufungua vitu.

Kila kifaa kipya kilichoingia kijijini kimepita juu ya meza yake: redio kaseti, televisheni, paneli za sola, simu za mkononi, na sasa kompyuta. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na ilipozoeleka huku kwetu, simu iliyokufa ikawa sawa na pochi iliyopotea. Watu wakaanza kubisha hodi hata usiku.

Faida tuliziona. Baba watoto alipofunga sola juu ya bati letu, kibatari kilitoka nyumbani. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumewahudumia watoto waliounguzwa na kibatari, na wengine waliokunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Kwa taa moja ya sola, hatari hizo mbili ziliondoka. Watoto wakapata mwanga wa kusomea.

Lakini manung'uniko nayo yalikuwepo. Fedha ya sare ya shule iligeuka spea. Mazungumzo ya mke na mume yakawa "ndiyo" na "hapana". Na meza yenyewe ilikaa sebuleni, kimo cha mkono wa mtoto anayejifunza kutembea. Jambo hilo tuliliona kila siku, tukalizoea.

Jumamosi ile

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2017, wakati wa kuvuna pamba. Baba watoto alikuwa ameletewa kompyuta tatu kuukuu azitazame. Sisi tulikuwa jikoni tukisonga ugali. Kitinda mimba wetu, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, alikuja akikohoa, mate yakimtoka kwa wingi. Tulimpa uji akaukataa. Tulimpa maji akalia.

Tunaona aibu kusema, lakini tutasema. Pamoja na miaka yote ya kuvaa sare nyeupe, tulidhani ni mafua au meno. Tulimpangusa, tukambeba mgongoni, tukaendelea na ugali.

Aliyegundua ni yule yule tuliyekuwa tukimnung'unikia. Baba watoto ana daftari. Kila anachofungua anaandika: skrubu ngapi, waya gani, betri ngapi. Ndani ya kompyuta ya mezani huwa kuna betri moja bapa, mfano wa sarafu, inayotunza saa ya kompyuta umeme unapozimwa. Kompyuta tatu, betri tatu. Jioni ile alipohesabu alikuta mbili. Alipiga magoti akatafuta sakafuni, hakuiona. Kisha akainua uso akamtazama mtoto mgongoni mwetu.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ndogo, "huyu amekohoa tangu saa ngapi?"

Ilikuwa saa 11 jioni. Tulikodi gari la jirani. Hospitali ya kwanza walipiga picha ya eksirei, na pale kifuani, kwenye njia ya chakula, ikaonekana duara jeupe lenye pete ya pili ndani yake. Daktari alituambia kwamba sarafu ya kawaida haionyeshi pete hiyo, ila betri. Usiku huo huo tulipelekwa hospitali ya rufaa huko Mwanza, wakaitoa kwa mpira wenye taa unaopitishwa mdomoni, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Ilikuwa imekwisha kuunguza. Tulikaa wodini siku 11. Alilishwa kwa mpira wa puani hadi kidonda kilipoanza kupona. Mbuzi wawili waliuzwa kulipia gari na kutulisha sisi wauguzaji. Lakini mtoto tulirudi naye mikononi, na jina la Bwana lihimidiwe.

Kwa nini betri ndogo inaunguza

Akina mama wengi hudhani hatari ya betri ni kumkaba mtoto, au kwamba itapasuka tumboni. Sivyo. Betri bapa ikikwama kwenye njia ya chakula, umeme wake hupita katika nyama yenye majimaji. Umeme huo hutengeneza pale kemikali kali ya jamii ya kostiki soda, ile ile tunayotumia kutengeneza sabuni katika vikundi vyetu. Unajua kostiki soda inavyofanya ikigusa mkono. Ndivyo inavyofanya kooni, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2.

Zinazokwama zaidi ni zile pana. Ukiona imeandikwa 2032, maana yake ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Betri hizi zimo pia katika rimoti, mizani za jikoni, funguo za gari, na vitu vya kuchezea vinavyowaka taa. Hata ile inayosemekana imekufa bado ina nguvu ya kuunguza.

Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe wala usingoje itoke chooni. Mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei, useme wazi: "Tunadhani amemeza betri." Kama mtoto amezidi mwaka 1, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali hupunguza makali ya kuungua. Usichelewe hata kidogo kwa kuitafuta, na usimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1, maana kwake ina hatari nyingine. Zaidi ya asali, asile wala kunywa kitu.

Hasira na shauri la mama mkwe

Tuliporudi nyumbani tulikuwa na neno moja tu: meza ile itoke, ichomwe. Baba watoto hakujibu. Alikaa kama mfiwa, na kwa wiki tatu hakugusa bisibisi. Huenda wengine wangeliona jambo hilo ni ushindi. Sisi tuliona mtu anayekauka.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumtazama mjukuu. Alituita uani, akasema, "Ng'wanone, huyu nilimzaa akiwa hivyo hivyo. Redio ya baba yake aliifungua akachapwa, akaifungua tena. Ukiichoma meza hii, ataitafuta nyingine kwa jirani, na huko hutamwona kabisa. Meza iache. Ila usimwachie peke yake."

Neno hilo lilituchoma. Ni kweli kwamba yeye alituacha kwa ajili ya meza, lakini nasi tulimwachia. Tulikuwa hatujawahi kuketi hapo hata siku moja tukamwuliza anafanya nini. Tulikumbuka habari za Bezaleli katika Kutoka sura ya 31. Mungu alimjaza ustadi wa kazi za mikono kwa ajili ya hema, na hapo hapo akampa Oholiabu awe pamoja naye. Ujuzi ulitoka kwa Mungu, na mwenye ujuzi hakuachwa afanye kazi peke yake.

Tuliyokubaliana

Tuliketi wawili, tukaomba, tukaandika katika lile lile daftari lake.

Kwanza, mahali. Meza ilihamia chumba kidogo cha uani chenye mlango na kufuli. Betri ndogo hukaa kwenye kopo lenye mfuniko mgumu, juu ya rafu. Zilizokwisha huzungushiwa gundi ya karatasi pande zote mbili, na hazitupwi motoni wala jalalani wanapochezea watoto.

Pili, saa. Chakula, sala ya jioni na madaftari ya watoto hutangulia. Jumatano jioni na Jumapili mlango haufunguliwi, hata kwa simu ya mwenyekiti.

Tatu, fedha. Spea hununuliwa kwa kilichopatikana mezani, si kwa fedha ya pamba wala mshahara. Kila mwisho wa mwezi tunafungua hesabu pamoja. Tuligundua kwamba nusu ya watu hawakuwa wakilipa, kwa sababu baba watoto huona haya kudai. Sasa anayedai ni sisi.

Nne, afya. Risasi inayotumika kulehemu mara nyingi huwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Kwa hiyo analehemu dirisha likiwa wazi, hakuna chakula mezani, na hambebi mtoto kabla ya kunawa kwa sabuni. Maji ya betri za gari na za sola ni tindikali. Yakimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi safi yasiyopungua dakika 20, na yakiingia jichoni aoshwe hivyo hivyo kisha apelekwe hospitali.

Tano, familia iingie. Hili ndilo lililobadilisha nyumba yetu. Kila Jumamosi mchana mtoto mmoja mkubwa huketi na baba yake mezani. Nasi tuna zamu yetu. Tumejifunza kutumia mita ya kupimia umeme, na siku moja sola ya zahanati ilipozimika wakati mama yuko kwenye uchungu, tuliikuta waya iliyolegea, tukaikaza, taa ikawaka.

Kazi, si mchezo

Wengine husema ufundi wa namna hii ni mchezo wa watu wazima. Huko Arusha, Bernard Kiwia alianza kama fundi baiskeli, akabuni chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli, na baadaye akashiriki kuanzisha karakana ya Twende inayofundisha watu kubuni vifaa vyao wenyewe. Na VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa vyeti wanaofaulu. Baba watoto bado anajifikiria. Binti yetu mkubwa hajifikirii: amemaliza kidato cha nne, na anataka kusomea umeme. Alipotuambia, baba yake alitoka nje akakaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi wa kulehemu. Hakukuwa na kilicholehemiwa siku hiyo.

Mama mwenzetu, huenda wa kwako hafungui redio. Huenda ni simu, au pikipiki, au kompyuta ya ofisini. Kabla ya kuichoma meza yake, vuta kigoda ukae. Mwulize hiki ni nini, na kile kinafanya nini. Mwekee mipaka, maana mapenzi ya kitu yasiyo na mipaka huumiza walio wadogo. Lakini mipaka hiyo mwekeeni pamoja, mkiwa mmekaa upande mmoja wa meza.

Yule mtoto sasa yuko shule ya msingi, anakula ugali na kelele anapiga kama wenzake. Kazi yake Jumamosi jioni, kabla mlango haujafungwa, ni kuhesabu betri zilizomo kwenye kopo, kopo likiwa mkononi mwa baba yake. Anahesabu kwa sauti hadi tunamsikia jikoni. Baba yake anaandika idadi kwenye daftari, anafunga kufuli, na funguo anatuletea sisi.