Mtego na Mteguo: Istilahi za Mafumbo ya Jedwali na Nafasi ya Silabi, kwa Mifano ya Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi zinazohitajika ili kuzungumzia kwa Kiswahili aina za mafumbo yatumikayo katika majedwali ya maneno, yaani yale majedwali ya miraba ambayo msomaji hujaza herufi kwa kwenda kulia na kwa kushuka chini. Linalochunguzwa hasa si jedwali la kawaida, ambalo swali lake ni fasili fupi kama ya kamusi, bali lile ambalo kila swali lake limefichwa kwa hila ya maneno.

Jedwali linalohesabiwa kwa kawaida kuwa la kwanza lilitungwa na Arthur Wynne na kuchapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Maswali yake yalikuwa ya wazi. Ni Uingereza, katika miaka ya 1920, ambako swali liligeuzwa kuwa fumbo, hasa kwa kazi ya Edward Powys Mathers, aliyeanza kutunga katika The Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada. D. S. Macnutt, aliyejulikana kwa jina la Ximenes, aliziweka kanuni za utungaji huo katika kitabu mwaka 1966. Kanuni hizo zilitungwa kwa lugha yenye tahajia isiyofuata matamshi, yenye mofolojia hafifu na isiyo na ngeli. Anayeziingiza katika Kiswahili kwa kutafsiri majina yake tu atapata orodha nzuri ya istilahi ambazo nusu yake hazina kitu cha kutaja, na atakosa majina ya mambo ambayo Kiswahili kinayo na Kiingereza hakina.

Mifano yote iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya makala haya. Imefungamanishwa na Bukoba na Muleba kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili katika wilaya hizo za Kagera ni wasemaji wa Kihaya pia, na hali hiyo inafichua mambo ambayo mifano ya pwani peke yake isingeyafichua.

2.0 Kitendawili na mtego

Mwenye kutafuta istilahi hana haja ya kwenda mbali. Mtambaji husema «Kitendawili!», hadhira hujibu «Tega!», na ikishindwa hutoa mji ndipo ipewe jibu. Kitenzi tega na kinyume chake, tegua, vinatosha kuzaa istilahi zote za msingi: mtego ni swali lenye fumbo, mteguo ni jibu pamoja na maelezo ya namna lilivyopatikana, mtegaji ni mtungaji na mteguaji ni mjazaji. Umbo fupi tego, ambalo lingevutia kwa ufupi wake, halifai. Neno hilo tayari lina maana ya dawa ya kumnasa mzinzi, na miongoni mwa vigezo vya PEGITOSCA alivyopendekeza Kiingi mwaka 1989 kimo kile kinachotaka istilahi iepukane na maneno ya aibu.

Hata hivyo kitendawili na mtego si kitu kimoja. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango hujibiwa «yai» kwa sababu jamii imekubaliana hivyo. Anayejibu «kaburi» hakosei kimantiki, ila hajui jibu la wenyeji. Mtego wa jedwali una njia mbili zinazofika mahali pamoja. Njia ya kwanza ni fasili, ambayo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa mtego. Ya pili ni hila, yaani maelekezo ya kulijenga neno lilelile kutokana na vipande vyake. Kati ya njia hizo huwapo kiashiria, neno linaloonyesha hila ni ya namna gani. Mteguaji aliyefika kwa njia zote mbili hahitaji kuuliza mtu kama amepata. Ndiyo maana watungaji wa Kiingereza wanasisitiza kwamba mtegaji ana ruhusa ya kumpotosha msomaji kwa maana ya juujuu, lakini hana ruhusa ya kuandika maelekezo ambayo yakifuatwa neno kwa neno hayafiki kwenye jibu. Katika jedwali hakuna mji wa kutoa, hivyo haki ya mteguaji imo katika mtego wenyewe.

3.0 Silabi dhidi ya herufi

Herufi nne m, a, l, i huzaa katika Kiswahili maneno matano: mali, mila, lima, lami na imla. Mtego unaotumia hila ya kuchanganya herufi unaweza kuitwa mvurugo:

Mila iliyokorogwa hufunika barabara (4)

Kiashiria ni «iliyokorogwa», fasili ni «hufunika barabara», na mteguo ni LAMI. Mvurugo peke yake haumwezeshi mteguaji kuchagua kati ya mali, lima, lami na imla. Kinachoamua ni fasili, na hapo ndipo ulazima wa njia mbili unapoonekana.

Lakini maneno hayo yana siri nyingine. Mali na lima, na vilevile lami na mila, yanatofautiana kwa kupindua silabi tu: ma-li, li-ma, la-mi, mi-la. Huu ni mchezo uliojulikana pwani tangu zamani kwa jina la kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa. Hivyo mtego ufuatao haumtaki mteguaji avuruge chochote:

Mali kwa kinyume ni agizo kwa mkulima (4)

Mteguo ni LIMA. Ziwa hutoa wazi kwa njia hiyohiyo, na kazi hutoa zika. Ukijaribu kuligeuza neno herufi kwa herufi, kama wafanyavyo watungaji wa Kiingereza, mali hutoa «ilam», ambalo si neno. Sababu ni ya kifonolojia. Neno la Kiswahili kwa kawaida huishia irabu, hivyo ligeuzwalo herufi kwa herufi ni lazima lianze kwa irabu ili liweze kuishia kwa irabu baada ya kugeuzwa. Maneno ya namna hiyo ni machache, na jozi zenye maana, kama ua na au, ni chache zaidi. Kwa hiyo istilahi ya kugeuza herufi ingekuwa jina la chumba kitupu, ilhali kinyume kinastahili mlango wake.

Mficho unathibitisha jambo hilohilo. Jibu linaweza kufichwa ndani ya neno moja:

Chakula ndani ya mwalimu (4)

yaani WALI, ingawa mtegaji wa Bukoba angependelea ndizi. Hila bora zaidi huvuka mpaka wa maneno:

Kati ya ndizi wanazouza pana maji mengi (4)

ZIWA limo katika «ndizi wanazouza», na limekatwa kwa silabi kamili, zi na wa. Mpaka wa neno la Kiswahili ni mpaka wa silabi wazi, basi kinachofichika kwa urahisi ni silabi.

Katika mwambatano, ambapo vipande huungwa mwanzo kwa mwisho, hali ni hiyohiyo:

Mule pamoja na nusu ya baba: wilaya ya Kagera (6)

Mule na ba ni MULEBA. Mdondosho, istilahi ambayo wanafonolojia wanayo tayari, haudai maelezo marefu: «Mwalimu akikatwa mkia ni msichana (5)» hutoa MWALI. Kilichokatwa ni silabi mu.

Hapa linazuka swali la jedwali lenyewe. Katika neno la silabi wazi takriban kila herufi ya pili ni irabu, na irabu za Kiswahili ni tano tu. Maneno mawili yakikutana kwenye irabu, mteguaji hapati msaada wa maana, hasa ikiwa irabu hiyo ni -a ya mwisho wa kitenzi. Wajapani hujaza herufi ya mfumo wao wa silabi katika kila mraba. Hakuna kinachozuia Kiswahili kufanya vivyo hivyo kwa kuandika silabi nzima mrabani. Bukoba na Muleba yatakuwa na miraba mitatu kila moja na yatakutana kwenye mraba mmoja tu, ba. Katika jedwali la herufi yangeweza kukutana kwenye u, b au a, na makutano mengi hayo hayaelezi lolote. Itabidi ikubaliwe tu kwamba m ya mtu ni silabi na hupewa mraba wake, na kwamba mwa ya mwalimu ni silabi moja.

4.0 Ngeli kama msaliti wa mtegaji

Kiswahili kina utajiri wa maneno yenye maana zaidi ya moja: kaa, panda, paa, mbuzi, meza. Mtego wa maana mbili, unaotoa fasili mbili bila hila nyingine, ungetarajiwa kustawi. Kinachouzuia ni upatanisho wa kisarufi. Mtegaji akiandika:

Kwalo mtoto hushiba na mvuvi wa Kemondo hupata riziki (4)

amekwisha kusema kwamba jibu liko katika ngeli ya LI-YA, na mteguaji makini amepunguziwa kazi kwa zaidi ya nusu. Kwa neno kama paa hali ni mbaya zaidi. Mnyama hupatanishwa kama kiumbe hai na paa la nyumba halipatanishwi hivyo, kwa hiyo kiambishi kimoja hakiwezi kuyabeba yote mawili.

Tiba imo ndani ya lugha. Kiambishi cha mazoea hu- hakichukui kipatanishi cha nafsi wala cha ngeli:

Hushibisha mtoto na mvuvi wa Kemondo (4)

ZIWA sasa limefichwa barabara. Kwa hu- hiyohiyo mnyama na kifaa huweza kukaa katika sentensi moja: «Hukuna nazi na kula majani (5)», yaani MBUZI. Vitabu vya sarufi huitaja hu- kwa mistari michache kama njeo ya mazoea. Kwa mtegaji ni nyenzo ya kwanza, na inastahili kutajwa katika mafunzo yoyote ya utungaji.

5.0 Matamshi na umiliki wa mtego

Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu mno, kiasi kwamba maneno mawili yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti ni nadra katika Kiswahili Sanifu. Mtego wa mlingano wa sauti, ambao ni nguzo ya majedwali ya Kiingereza, unabaki kuishi kwa matamshi ya mahali. Kwa wasemaji wengi wa Kihaya mpaka kati ya l na r ni hafifu, na jina lenyewe la lugha huandikwa Oluhaya na Oruhaya. Basi mtu aweza kutunga:

Mahali pasikikapo Bukoba hutolewa kabla ya ndoa (6)

na kukusudia MAHARI. Kiufundi mtego huu ni halali, kwa kuwa kiashiria kinataja ni masikio ya nani yanayohusika. Kijamii haulingani kila unapotumika. Ukitungwa Muleba kwa wasomaji wa Muleba, ni utani wa nyumbani. Ukiwekwa katika gazeti la taifa au katika zoezi la darasani, humfanya mwanafunzi wa Kagera kuwa kichekesho ambacho wengine wanakitegua, naye anafundishwa kwamba matamshi yake ni kosa la kuchezea. Inafaa mlingano wa sauti utumike tu pale ambapo mtegaji na mteguaji wanashiriki matamshi hayo. Kanuni hiyo imhusu pia mtegaji wa Kagera anayetaka kumcheka mtu asemaye samani kwa thamani.

Mahali pengine mwenyeji wa Kagera ndiye mwenye faida:

Hawa mdogo, zao la Muleba (6)

Mteguo ni KAHAWA: Hawa aliyetanguliwa na kiambishi cha udogo ka-. Kiswahili Sanifu hudogosha kwa ki-, na msomaji wa pwani huenda akasita. Msemaji wa Kihaya hasiti, kwani ngeli ya aka- iko hai katika lugha yake, na kahawa yenyewe huiita akamwani, kwa kiambishi kilekile.

Kihaya kikitungiwa majedwali yake chenyewe, mambo yatabadilika tena. Ni lugha ya toni, kama inavyoonekana katika uchambuzi wa Hyman na Byarushengo (1984), na maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni. Maneno yanayotofautiana kwa toni tu yatakuwa neno moja katika miraba, na hivyo mtego wa maana mbili utapata wigo mpana kuliko wa Kiswahili. Mitego hiyo lakini italazimika kubaki kwenye karatasi: mtu akiisoma kwa sauti mbele ya wenzake, toni atakayoitamka itakuwa imekwisha kuitegua.