Programu ya ushirika: Ya kuburuta au ya kuandikwa?

VYAMA vya ushirika vinavyoachana na madaftari hukutana na swali moja: programu ya kutunza hesabu za wanachama itengenezwe kwa njia gani?

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni zana ambazo mtu huburuta vipande kwa kipanya, kama fomu, kitufe na jedwali, akavipanga kwenye skrini bila kuandika lugha ya kompyuta.

Ya pili ni kumpa kazi mtaalamu aandike programu juu ya fremuweki, yaani mifupa iliyokwisha kutengenezwa. Mfano ni Django, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005 na haina malipo ya leseni.

Faida ya kuburuta ni wepesi. Karani anayeijua kompyuta kiasi anaweza kupata fomu ya kupokelea korosho ghalani kwa siku chache, na ikiwa na kasoro akairekebisha mwenyewe.

Tatizo huanza chama kinapokua.

Piga hesabu kwanza

Tuchukulie zana ya kuburuta inatoza Sh5,000 kwa mtumiaji kwa mwezi. Watumiaji 40 watagharimu Sh2.4 milioni kwa mwaka.

Tuchukulie pia programu ya kuandikwa ni Sh12 milioni, na matunzo Sh1 milioni kwa mwaka. Hapo itapita zaidi ya miaka minane kabla haijawa nafuu kuliko ya kuburuta.

Watumiaji wakifika 120, malipo ya zana yanapanda hadi Sh7.2 milioni kwa mwaka. Sasa programu ya kuandikwa inakuwa nafuu kabla ya miaka miwili kwisha.

Mwenye zana akifunga duka

Gharama si fedha tu. Google ilikuwa na zana ya kuburuta iliyoitwa App Maker. Januari 2020 ilitangaza kuifunga, na Januari 19, 2021 ikaizima. Programu zilizojengwa humo hazikuweza kuhamishwa moja kwa moja kwenda kwingine; wenyewe walilazimika kuzijenga upya.

Programu ya kuandikwa nayo ina hatari yake. Mtaalamu akiondoka bila kuacha maelezo, chama kinabaki na mashine isiyo na fundi. Mkataba useme wazi kuwa maandishi yote ya programu ni mali ya chama, na nakala ikae ofisini.

Ushauri kwa viongozi

Kwa orodha za miche, ratiba za pembejeo na taarifa za mashambani, zana ya kuburuta inatosha. Ikiharibika, hakuna mkulima atakayekosa fedha yake.

Akiba, mikopo na malipo ya mazao ni jambo jingine. Hizo zihitaji programu ambayo chama chenyewe kinaimiliki.

Kwa vyovyote, kabla ya kusaini, mwambie muuzaji atoe hesabu zote za wanachama mbele yako katika faili linaloweza kufunguliwa na programu nyingine. Akishindwa, usisaini.