KIUNGO NA BEGI LAKE: Kushuka daraja siyo kufa!

Wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo, tuzungumze kabumbu. Ila siyo ule ubishi wa Simba na Yanga unaowafanya watu wasahau chai yao mpaka inapoa. Nataka tumzungumzie yule mchezaji ambaye jezi yake haiuzwi mtaani. Yule ambaye kila msimu ukimtafuta unaambiwa kahama.

Juzi Jumamosi nilikuwa kijiweni kwetu Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kuna mshikaji wangu mmoja, jina lake nalibana, ni kiungo. Tena siyo kiungo wa mchangani. Amewahi kusajiliwa na timu ya Ligi Kuu, akakaa nayo misimu miwili, mingi akiwa benchi, halafu akapewa "thenkyu" kama wanavyosema siku hizi klabu ikimtema mtu. Ana miaka 24. Siku hiyo alikuwa amepigiwa simu na timu moja ya daraja la chini kule Iringa, wanamtaka kwa msimu mmoja.

Mimi nikampa mkono wa hongera. Mwenzangu akainama.

"Kaka, watu wataniona nimefulia," akasema. "Nitoke Ligi Kuu niende kule? Hata mama nitamwambia nini?"

Masela waliokuwa pale wala hawakungoja, wakaanza kumcheka hapo hapo. Mmoja akamwambia bora akaendeshe bodaboda, angalau ataonekana mjini!

Nikamuuliza, "Unamjua Tarryn Allarakhia?"

"Si yule wa Taifa Stars anayecheza Uingereza?"

"Haya, anacheza ligi gani huko Uingereza?"

Kimya. Wengi wetu tukisikia mtu anacheza Uingereza, akili inakwenda moja kwa moja Manchester na Liverpool. Sasa sikiliza safari ya jamaa huyu. Amezaliwa mwaka 1997 hukohuko England, ana asili ya Tanzania, anacheza kiungo wa pembeni. Mwaka 2018 akajiunga na Crawley Town, timu ya ngazi ya nne. Akakaa pale miaka mitatu. Mwaka 2021 akaenda Woking, ngazi ya tano. Yaani kashuka! Msimu mmoja tu, akabeba begi tena, mwaka 2022 akatua Wealdstone, hapohapo ngazi ya tano. Uwanja wa Wealdstone unachukua kama watu 4,000 hivi. Uwanja wetu wa Sokoine unaweza kuwameza wote hao na nafasi ikabaki ya kutosha. Mwaka 2024 akahamia Rochdale, timu ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa imeporomoka kutoka ngazi ya nne baada ya kukaa kwenye Football League miaka 102.

Miaka sita, timu nne. Ukimpeleka kijiwe cha Mwanjelwa, masela watasema kafulia.

Lakini Januari 2024, akiwa mchezaji wa Wealdstone, jina lake lilikuwemo kwenye kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Ivory Coast kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Kundi lilikuwa na Morocco, wale waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, pamoja na Zambia na Kongo. Mtu wa ngazi ya tano, kundi moja na nyota wa klabu kubwa za Ulaya! Angeona haya kushuka kwenda Woking na kukaa nyumbani akisubiri simu ya wakubwa, nani angemkumbuka?

Wala siyo yeye peke yake. Adi Yussuf, mshambuliaji aliyezaliwa Zanzibar na kukulia soka Leicester City, amepita Burton, Lincoln, Mansfield, Grimsby, Barrow, Solihull Moors, Blackpool na Wrexham. Hesabu mwenyewe! Na yeye Taifa Stars amechezea.

Tena mifano ipo hapahapa nyumbani, hatuna haja ya kupanda ndege. Mnaikumbuka Mbeya City ya msimu wa 2013/14? Timu ya halmashauri ya jiji, imeanzishwa 2011, imepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, chini ya kocha Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Simba waliisoma namba kwa nyuma! Mji wote ulikuwa zambarau, ukipita Kabwe unasikia "Koma Kumwanya" mpaka kwa wauza mitumba.

Katika timu ile kulikuwa na kiungo anaitwa Deus Kaseke. Mwaka 2015 akachukuliwa na Yanga, akabeba ubingwa. Mwaka 2017 akatoka, akaenda Singida United. Watu wakasema huyo basi tena. Mwaka 2018 Yanga wakamrudisha! Akakaa mpaka 2022, akaondoka na ubingwa mwingine mkononi, akaenda Singida Big Stars. Kule Singida alikokwenda mara ya kwanza hakukuwa kaburini. Alikwenda kucheza, na kwa sababu alicheza, wakubwa wakamwona tena.

Na Iringa ambako mshikaji wangu anaona aibu kwenda? Tarehe 6 Mei 2019, Uwanja wa Samora, Lipuli waliwatandika Yanga 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la FA. Mmoja wa wafungaji alikuwa Paul Nonga, ambaye kabla ya hapo alishavaa jezi za Mbeya City, Mwadui na hao hao Yanga. Ni mshambuliaji, siyo kiungo, lakini begi lake lilikuwa lilelile la kuhamahama. Wanapaluhengo wakafika fainali, wakafungwa 1-0 na Azam kule Lindi. Iringa ule mwaka hakuna aliyemwita Nonga kafulia.

Nikamaliza hotuba yangu nikijiona bingwa. Mshikaji akaniangalia, akaniuliza swali lililonifunga mdomo.

"Kaka, huyo Allarakhia huko ngazi ya tano analipwa kila mwezi. Mimi nimeahidiwa chumba, chakula, na mshahara timu ikipata. Bado unaniambia ni kitu kimoja?"

Msomaji, hapo kanipata. Nimelala na swali hilo siku mbili.

Ukweli ni kwamba siyo kitu kimoja. England ngazi nne za juu zina timu 92, na ile ya tano ina 24. Jumla 116, na nyingi hata za ngazi hiyo ya tano zinaajiri wachezaji ambao hawana kazi nyingine. Kiungo akitemwa na moja, bado zipo nyingine mia moja na kitu za kubishia hodi. Sisi Ligi Kuu ina timu 16, Championship nyingine 16. Ukianguka kule juu, ngazi ya kukudaka ni fupi, tena vipandio vyake vingine vimelegea. Timu zenyewe zinapotea. Lipuli waliomtoa Yanga mwaka 2019, mwaka uliofuata walishuka daraja. Mbeya City ilishuka 2023, ikajipapatua, ikarudi Ligi Kuu 2025. Wachezaji wangapi walipotelea katikati? Hakuna anayewahesabu.

Wachezaji wa England wana chama chao tangu mwaka 1907. Kila mwisho wa msimu klabu zao zinatangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na mtu anajua mapema aanze kutafuta wapi. Kwetu kuna vijana wanajua wametemwa kwa kuona jina halipo kwenye basi la kwenda mazoezini.

Kwa hiyo nilimtafuta mshikaji nikamwambia hivi, na wewe kijana unayesoma hapa kama unapiga mpira lisikilize. Kushuka daraja siyo aibu. Aibu ni kushuka bila karatasi. Omba mkataba ulioandikwa, usome mwenyewe, ubaki na nakala yako. Uliza umesajiliwa rasmi au la. Uliza ukivunjika mguu matibabu ni ya nani. Tena ujue kanuni za FIFA tangu mwaka 2018 zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ya miezi anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, na wasipolipa akavunja mkataba kwa sababu ya haki. Hata hapa nchini kipo chama cha wachezaji, SPUTANZA. Lakini bila karatasi utakwenda kudai nini? Utabaki kusema "waliniahidi", na ahadi haina mhuri.

Na jambo la mwisho, cheti chako cha kidato cha nne kiweke kwenye begi hilohilo la njumu. Goti halina dhamana.

Mshikaji hakunijibu kitu siku ile. Kesho yake nikasikia amewapigia Iringa, amewaambia yuko tayari, ila wamtumie mkataba kwanza ausome. Wale masela waliposikia wakacheka tena, eti mchezaji wa daraja la chini anaringa! Siku tatu zikapita simu haijaita. Siku ya nne mkataba ukaja. Mshahara si mkubwa, lakini umeandikwa, na tarehe ya kulipa imeandikwa.

Jumatatu alfajiri nilimsindikiza stendi ya Nane Nane, baridi inauma kama kawaida ya Mbeya. Mama yake alikuwepo, kamfungia ndizi na maparachichi, wala hakumwuliza timu hiyo iko daraja la ngapi. Alimwambia tu, "Mwanangu, ukifika piga simu."

Jioni alinipigia na mimi. Neno la kwanza: "Kamwene!" Kumbe Kihehe kameshaanza kukiokota.

Tukutane wiki ijayo, wapenzi. Na kijiweni kwenu, akipita kijana na begi la njumu, msimcheke. Muulizeni kama mkataba wake ameusoma.