Sanje: kura ya maji hupigwa mkutanoni

Maji ya Sanje yanaanzia ndani ya msitu wa Udzungwa, yanaruka genge lenye urefu wa mita 170 hivi, kisha yanateremka kuelekea kijijini na kwenye mashamba ya miwa na mpunga yaliyotandaa bondeni. Huko chini yanajiunga na Mto Kilombero, nao Kilombero ndio unaoupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Ni maji hayo yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115. Kwa hiyo mkulima wa Sanje anapolima hadi ukingoni mwa kijito, au anapouacha ukingo na miti yake, taa za Dar es Salaam zinahusika.

Lakini nani anaamua ukingo ule ulimwe au uachwe? Tumezoea kuitafuta siasa ya tabianchi kwenye mikutano ya kimataifa na hotuba za bungeni. Mimi naamini sehemu yake iliyo kubwa kwa watu wa bonde hili iko kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao watu wengi wameacha kuhudhuria.

Tuanze na mvua. Mafuriko si mgeni Kilombero. Wandamba waliishi nayo tangu enzi, wakavua samaki maji yakijaa na kulima mpunga kwenye tope lililoachwa maji yakipungua. Kilichobadilika ni majira. Mvua ikichelewa, mkulima wa Supa, mpunga mrefu wenye harufu ulioipatia Kilombero jina sokoni, anajikuta mpunga wake unachanua wakati udongo umeanza kukauka. Ndiyo maana wengi wamehamia Saro 5, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha KATRIN pale Ifakara, ambayo hukomaa mapema zaidi. Na mvua ikija kwa fujo, inakuja kama ile ya Aprili 2024. Tarehe 25 ya mwezi huo Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua za msimu ule wa El Niño, na zaidi ya 200,000 wameathirika. Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia.

Mvua ya namna hiyo hakuna kijiji kinachoweza kuizuia. Afrika nzima imechangia kidogo mno katika hewa chafu iliyopasha dunia joto, na ni haki yetu kudai fidia. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Misri mwaka 2022 unapaswa kufika hadi kwa mwenye shamba lililosombwa. Ila madhara ya mvua hiyo yanategemea inakotua. Mlima uliovaa miti hunywa maji na kuyaachia polepole. Ukingo uliolimwa hadi ncha hubomoka, udongo ukajaza mto, na mto uliojaa udongo hutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia sebuleni kwa mtu.

Sheria zipo, tena zinawapa wananchi meno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18: mwenye kadi ya chama na asiye nayo, mwenye ekari 50 na mwenye jaluba moja la kukodi. Hapo ndipo mpango wa matumizi ya ardhi unapopitishwa au kukataliwa. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanaposomwa, na mwenyekiti akaulizwa.

Mambo mangapi yaliamuliwa juu ya watu wa Sanje bila wao kunyoosha mkono? Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vya ukanda huu waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Julai 2011 ruhusa hiyo ikafungwa. Msitu ule ni hazina, hilo silibishii hata kidogo. Mangabey wa Sanje, aina ya kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 na kupewa jina la kijiji hiki, hapatikani popote duniani nje ya Udzungwa. Lakini mzigo wa kuulinda ulitua juu ya kichwa cha mama aliyekuwa akibeba kuni. Leo serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo jema. Kwa Sanje swali la kuuliza mkutanoni ni dogo na la leo: mama asiye na fedha za kujaza mtungi wa gesi kwa mkupuo atapikia nini wiki ijayo, na pumba zinazorundikwa kwenye mashine za kukoboa mpunga zitageuzwa moto wa jikoni au zitachomwa tu?

Najua uzito wa kuzungumzia kura kwa sasa. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika chama kikuu cha upinzani kikiwa nje na kiongozi wake gerezani. Ukafuatiwa na umwagaji damu, intaneti ikazimwa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Wapo waliokata tamaa na sanduku la kura, na sina haki ya kuwakemea. Kukata tamaa na mkutano wa kijiji, hata hivyo, ni kumwachia jirani mwenye trekta ardhi ya ukingo bila hata kumsumbua kwa swali. Profesa Wangari Maathai alianza na miche mwaka 1977, katika Kenya ambayo sanduku lake la kura halikuwa na mengi ya kumpa mnyonge. Alipofika kuutetea msitu wa Karura mwaka 1999, nyuma yake walikuwapo wanawake waliokwisha kujifunza, mche kwa mche, kwamba kuamua ni haki yao pia.

Utawajazaje watu kwenye uwanja wa mkutano? Tangazo la mtendaji kwenye karatasi halitoshi. Nchi hii iliwahi kufanya jambo kubwa kwa sauti: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza, iliwafikia takriban watu wazima milioni mbili, na walipotoka kusikiliza walishika majembe wakachimba vyoo. Morogoro, mkoa wa wanamuziki Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, haujawahi kukosa watu wa kutia habari kwenye wimbo. Wapogoro wana ngoma yao ya sangula. Ifakara ina Pambazuko FM.

Ninachokiogopa ni wimbo wa mradi. Kila mtu ameusikia: fulana mpya, kwaya imepangwa mstari, tutunze mazingira, asanteni wafadhili. Wimbo huo haumkeri yeyote, na kesho yake shoka linaendelea. Ngoma yenyewe haikuzaliwa hivyo. Mwimbaji wa ngoma ana ruhusa ya zamani ya kumwambia mkubwa, kwa fumbo, akiwa amekaa mbele yake, neno ambalo mkutanoni lingeitwa utovu wa nidhamu. Wimbo wa tabianchi wa Sanje ningependa uutaje mto kwa jina, useme miti ya ukingo ilikwenda wapi na ni tarehe ngapi mwenyekiti ataitisha mkutano.

Mkutano mkuu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ule unaotangulia msimu wa kupanda mpunga ndio wa kujaza, kwa kuwa baada ya hapo watu wanahamia mashambani na kijiji kinabaki na wazee na watoto wa shule. Ajenda yake ya kwanza iwe kamba ya mita 60: ishikwe na vijana waliochaguliwa na mkutano wenyewe, ipimwe kijito kwa kijito, na anayelima ndani yake apewe mbele ya wote muda wa kuvuna na sehemu nyingine ya kulima.