Waandishi wa Maelekezo ya Kiufundi: Cheti Kina Faida Gani?

Kila dawa ya kunyunyizia mimea, kila mashine inayoletwa katika kituo cha afya na kila mfumo wa kulipia ushuru kwa simu huja na maelekezo. Anayeandika maelekezo hayo huitwa mwandishi wa kiufundi. Kazi yake haionekani sana, lakini makosa yake huonekana. Kipimo cha dawa kwa bomba la lita 20 kikiandikwa vibaya, au siku za kusubiri kabla ya kuvuna zikiachwa, anayeumia ni mkulima na anayekula mboga zake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa au huduma.

Vijana wengi wenye diploma sasa wanatafuta kazi hii kupitia intaneti, na wengi wao hukutana na matangazo ya vyeti vya kulipia. Kabla ya kutoa pesa, ni vyema kuelewa cheti hufanya nini.

Hapa Kenya hakuna sheria inayomtaka mwandishi wa kiufundi asajiliwe kabla ya kufanya kazi, tofauti na muuguzi, mhandisi au wakili. Kwa hivyo cheti si leseni. Ni ushahidi tu mbele ya mwajiri asiyekufahamu.

Tena vyeti si vya aina moja. Kuna cheti cha kuhudhuria, kinachoonyesha kwamba ulimaliza mafunzo. Kuna pia cha umahiri, ambacho hutolewa baada ya mtu kutahiniwa na chombo kinachojitegemea. Hiki cha pili ndicho chenye uzito, na uzito wake hutegemea chombo kinachokitoa.

Mfano mzuri ni wa Marekani. Chama cha waandishi wa kiufundi cha huko, STC, kilianza mwaka 1953 na baadaye kikawa na cheti chake, CPTC, chenye ngazi tatu. Januari 2025 chama hicho kilitangaza kwamba kinafungwa kwa sababu ya matatizo ya kifedha. Waliokuwa na cheti hicho hawakupoteza ujuzi wao, lakini leo wanalazimika kumweleza mwajiri kuhusu chama ambacho hakipo tena.

Ujerumani hali ni tofauti. Chama cha tekom hutoa vyeti vya taaluma hii, na soko lipo kwa sababu sheria za Umoja wa Ulaya zinataka mashine iuzwe pamoja na maelekezo katika lugha rasmi ya nchi inakouzwa. Sheria inapodai maelekezo bora, anayejua kuyaandika huthaminiwa, na cheti chake pia.

Kwa mkaazi wa kaunti yetu, kuna njia nyingine isiyozungumziwa sana, nayo ni kupata cheti cha fani unayoiandikia. Anayetaka kuandika maelekezo ya umeme au mitambo anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, wenye gredi ya III, II na I. Machi 2024 serikali ya kitaifa pia ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, inayomwezesha fundi aliyejifunza kazini kupimwa na kupewa cheti. Fundi wa aina hiyo akijua pia kuandika kwa lugha inayoeleweka, huwa na kitu ambacho mwandishi mtupu hana.

Kabla ya kulipia cheti chochote, jiulize:

- Je, nitatahiniwa, au nitapewa cheti kwa kulipa na kuhudhuria tu?
- Anayetahini ni yuleyule anayeuza mafunzo?
- Mwajiri anaweza kuthibitisha cheti hiki, na kwa njia gani?
- Kina muda wa kuisha, na kukihuisha ni pesa ngapi?
- Matangazo ya kazi ninazozitaka yanakitaja?

Kuhusu sifa za masomo kutoka nje ya nchi, uliza KNQA, mamlaka ya kitaifa iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2014 kusimamia mfumo wa sifa za masomo. Usitegemee maneno ya anayekiuza pekee.

Iwapo majibu hayaridhishi, tumia pesa na muda wako kuandaa kazi za mfano. Chukua maelekezo magumu ya kifaa kinachotumika mtaani kwenu, yaandike upya, kisha mpe jirani ayafuate bila kumsaidia. Anapokwama, rekebisha. Kazi mbili au tatu zilizojaribiwa hivyo zitamwonyesha mwajiri uwezo wako, uwe na cheti au usiwe nacho.