Sinema za Kisasi: Nani Humpa Mtu Haki ya Kuhukumu?

Jumamosi jioni hakuna mazungumzo yapendwayo shuleni kwetu kama habari za sinema za mapigano. Huko nyumbani Buyenzi na Bwiza ni vivyo hivyo: vijana hubishana shujaa gani ni hodari kupita wote. Mimi naona swali hilo halitoshi. Afadhali tupime kila sinema kwa maswali matatu. Kwanza, je, anayepigwa ndiye aliyekosa? Pili, je, shujaa alijaribu njia nyingine kabla ya silaha? Tatu, yuko wa kumzuia akikosea?

Tuanze na Death Wish, sinema ya Marekani ya mwaka 1974. Charles Bronson ni mchora ramani za majengo mjini New York. Wahalifu wanaingia nyumbani kwake, wanamwua mkewe na kumwumiza bintiye. Polisi hawawapati. Basi anatembea usiku na bastola, akiwaua wanyang'anyi wanaomjia. Watazamaji hupiga makofi, lakini angalieni vema: wale waliomwua mkewe hawapati kamwe. Wanakufa wengine. Na polisi, walipokwisha kumtambua, wanamwacha ahamie Chicago.

Katika The Equalizer ya mwaka 2014, Denzel Washington ni mtu mpole wa dukani, ambaye zamani alikuwa mpelelezi wa serikali. Msichana mmoja anapigwa vibaya na watu wanaomtumikisha. Shujaa anawaendea na kuwapa dola 9,800 wamwachie huru. Wanapomcheka ndipo anapowaua. Huyu anawajua wakosaji, tena alianza kwa maneno. Lakini swali la tatu linamshinda: yeye ndiye mshtaki, yeye ndiye hakimu.

Sasa tazameni Sholay ya India, ya mwaka 1975. Thakur, aliyekuwa ofisa wa polisi, ameuliwa jamaa zake na kukatwa mikono na jambazi Gabbar. Anawaajiri wezi wawili wamkamate. Mwisho uliopigwa kwanza, Thakur alimwua Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa sinema wa serikali wakakataa, ikapigwa upya: polisi wanafika, wanamzuia, na Gabbar anachukuliwa kwenda kujibu mashtaka. Wengi huona mwisho huo hauna utamu. Lakini ndio peke yake unaojibu swali letu la tatu.

Hata sinema yetu ya Burundi, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, iliyotoka mwaka 1992, ina kisasi ndani yake: wanawake wawili waliodanganywa wanaungana kumtia adabu kijana mwenye majivuno. Watu wanacheka, wala hakuna anayezikwa.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu sokoni mtu akipaza sauti "Mwizi!", wengi hukimbilia mawe na fimbo, nao hawakuona kitu. Kila mmoja hujiona Bronson. Hasira hasara. Tangu zamani bashingantahe wa milimani kwetu husikiliza pande zote mbili kabla ya kutoa neno, na fimbo yao, intahe, hupigwa ardhini.

Basi, ndugu zangu, tazameni sinema hizi likizoni na mfurahi. Bali siku mtakaposikia kelele hizo njiani, ulizeni swali la kwanza kabla hamjainama kuokota jiwe.