Mkopo wa nyumba umekwama? Hesabu siku zako

Ukikosa kulipa na mwezi mmoja upite, benki inaweza kukuandikia notisi. Usiifungie kwa droo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa angalau miezi 3 kulipa malimbikizo yaliyotajwa humo. Huu ndio wakati wa kuongea na benki. Kutuma elfu mbili tatu kwa Paybill bila makubaliano ya maandishi hakusimamishi hesabu.

Ukinyamaza, benki inaweza kukushtaki, kuweka msimamizi akusanye kodi ya wapangaji, ama kuuza. Kuuza kunahitaji notisi nyingine ya siku 40, na mume au mke aliyetoa idhini apate nakala. Kisha dalali akupe siku 45. Kabla nyundo igonge, bado unaweza kulipa deni lote na gharama, ubaki na nyumba.